Ndege ya kitabuni kwenye maji ya Vamizi

Mwaka 1904 Jules Verne alitoa riwaya yenye chombo cha ajabu kiitwacho Épouvante. Urefu wake ni kama mita 10, na kazi zake ni nne: kinakimbia barabarani, kinakata mawimbi, kinazama, na kikibanwa sana kinakunjua mabawa na kuruka. Kitabuni kinawaponyoka wanaokiwinda kwenye ukingo wa maporomoko ya Niagara, kwa kuinuka angani dakika ya mwisho. Wakati huo hapakuwa na ndege hata moja duniani iliyokwisha kuruka kutoka majini. Henri Fabre alifanikiwa tarehe 28 Machi 1910 karibu na Martigues, kusini mwa Ufaransa, na Verne alikuwa ameshafariki.

Je, wajua kwamba leo mtu mwenye kompyuta anaweza kuiunda Épouvante na kuirusha kutoka kisiwa cha Vamizi, kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji? Programu za kuigiza urubani zinaruhusu jambo hilo. FlightGear hupatikana bure, na X-Plane huja na karakana yake ya kuchorea ndege. X-Plane hulikata bawa katika vipande vidogo, hupiga hesabu ya nguvu ya hewa kwenye kila kipande mara nyingi kwa sekunde, kisha hujumlisha. Haiulizi kama ndege hiyo iliwahi kuwapo. Inauliza umbo, uzito na nguvu ya injini, halafu inatoa hukumu. Ndiyo sababu naipenda kazi hii: ndoto ya mwandishi inapelekwa mbele ya hakimu asiyesoma riwaya.

Swali la kwanza la hakimu huyo ni mabawa. Ya Verne yanapiga kama ya ndege hai, na programu hizi zimetengenezwa kwa mabawa yaliyotulia na rafadha inayovuta. Basi mjenzi ayakaze, na injini aiweke juu, mbali na maji. Tuseme chombo kina tani 4 na mabawa yana eneo la mita 30 za mraba. Mchana wa joto la nyuzi 32 hewa ya pwani ile huwa nyepesi kwa karibu asilimia 6 kuliko hewa ya nyuzi 15 inayotumiwa kama kipimo cha kawaida. Kwa hesabu hiyo Épouvante haiondoki majini kabla ya kufika kama kilomita 140 kwa saa, mwendo ambao wimbi dogo tu linatosha kupasua tumbo la chombo. Mabawa yakiongezwa hadi mita 60 za mraba, mwendo unashuka hadi karibu kilomita 100. Joto si jambo la kupuuza. Mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wakiisaka manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji, ndege zao za majini aina ya Sopwith zililegea gundi na kushindwa kubeba mzigo.

Hata hivyo, mtihani mkubwa uko majini. Ndege ya majini ni chombo cha bahari kwanza, na maji huishika kwa nguvu kuliko hewa. Inapoanza kukimbia, omo hunyanyuka, tezi huzama, na ukinzani hupanda hadi injini huonekana kama imeshindwa. Hapo ndipo kidato kilichokatwa chini ya tumbo hufanya kazi yake: huyavunja maji yasing'ang'anie sehemu ya nyuma, na chombo hupanda juu ya maji na kuteleza. Verne hakukitaja kidato. Mjenzi asipokiweka, Épouvante itapasua mawimbi hadi mafuta yaishe.

Mwambao huu wa Cabo Delgado uliwahi kuwa njia ya ndege za majini za kweli. Kuanzia 1937 ndege za Short Empire za Imperial Airways zilishika safari ya Uingereza hadi Durban, zikitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kisha Lumbo mkabala na Kisiwa cha Msumbiji. Kutoka Lindi hadi Lumbo ni zaidi ya kilomita 550, na katikati ndiko iliko pwani yote ya Cabo Delgado. Mabawa ya kila ndege yalikuwa na upana wa mita 34.7 na injini nne zilizopachikwa juu, na chini ya kila bawa kulikuwa na boya la kuizuia isilale upande, kama matengo ya ngalawa.

Mojawapo ya ndege hizo, Corsair, ndiyo ushahidi wangu mkubwa kwamba mtihani uko majini. Machi 1939 ilipotea njia ikatua kwenye mto mwembamba karibu na Faradje, Kongo, na tumbo likapasuka. Ilitengenezwa. Ilipojaribu kuruka ikagonga mwamba, ikatoboka tena. Ndege yenyewe ilikuwa na uwezo wa kuruka, ila mto haukuitosha. Ikabidi watu wajenge bwawa kuinua maji, na Januari 1940, baada ya miezi karibu kumi, ikaondoka.

Vamizi haina shida ya nafasi, ila ina shida zake. Programu nyingi huiweka bahari kimo kimoja siku zote, ilhali pale maji ya bamvu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na nahodha wa mji wa Palma anajua fungu lipi litatokeza saa ngapi. Kompyuta haijui, kwa hiyo mjenzi mwaminifu atamuuliza yeye. Shwari kamili nayo ni hatari: maji yakiwa kama kioo rubani hapimi kimo chake, na tumbo hunata. Viwimbi vidogo ni bora. Kusi likivuma, upande wa kaskazini wa kisiwa ndio uliotulia, lakini kuruka huwa kwa kuukabili upepo, yaani kuelekea ufukweni. Mimi ningeanza mbio kilomita 2 nje, kwa mshazari, nikiwa na mabawa yale ya mita 60, ili minazi ikifika niwe nimekwisha kuivuka.