Swali la Mbunge Lisiishie Dodoma

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Nasi twaongeza kwamba kuulizwa si kutukanwa. Tumeona vema kuanza na maneno haya kwa sababu bado wapo watumishi wa umma ambao, mbunge akisimama kuuliza habari za kivuko, zahanati au maji ya jimbo lake, hudhani kwamba ameshambuliwa mtu. Wapo pia wananchi ambao, wakisikia redioni kwamba mbunge wao ameuliza, hudhani kwamba kazi imekwisha. Wote wamekosea, na makosa yao huko visiwani hulipwa kwa roho za watu.

Haki ya kuuliza si hisani ya mtu yeyote. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Na katika njia inazozitaja, ya kwanza ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 inaulinda uhuru wa kusema ndani ya Bunge. Kwa hiyo mbunge anapouliza haombi. Anadai hesabu kwa niaba ya mwenye mali. Na mwenye mali ni mwananchi, awe anakaa mjini Bukoba au kwenye jabali katikati ya ziwa.

Tumetaja jabali si kwa kunogesha maneno. Msafiri anayepita barabara kuu kutoka Bukoba kwenda Biharamulo huona migomba na mibuni, akafika Muleba mjini, akanunua ndizi zake, akaendelea na safari akiamini ameiona Wilaya ya Muleba. Hajaiona. Zaidi ya nusu ya eneo la wilaya hiyo ni maji ya Ziwa Viktoria, na katika maji hayo mna visiwa vyenye kata zake kamili: Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe na Mazinga. Watu wa huko ni wavuvi, wafanya biashara, akina mama wachuuzi na watoto wa shule. Sangara wanaowavua wamefika hata Ulaya. Dagaa wanaowaanika wanaliwa katika nyumba nyingi za nchi hii na za jirani. Ushuru wanalipa. Swali ni kama huduma wanazopata zinalingana na jasho wanalotoa.

Ulimwengu wa nje uliwahi kulisikia jina la Bumbire mwaka 1875, kwa sababu ya bunduki za msafara wa Henry Morton Stanley zilizowaua wenyeji wa kisiwa hicho. Habari ile iliandikwa na yule aliyepiga risasi, na aliyepigwa hakuulizwa neno. Karne moja na nusu imepita, na mgeni yule hayupo. Lakini tabia ya kuandika habari za mtu wa kisiwani bila ya kumwuliza mwenyewe haifai irithiwe na ofisi zetu.

Tuyatazame mambo yaliyotupata. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia Mwanza. Meli ile iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800. Twasema wanatajwa, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Hakuna nyumba nyingi Bukoba na Muleba ambazo hazikuguswa na msiba ule, na wengi wa marehemu walizikwa Igoma, Mwanza, mbali na migomba ya baba zao. Lililotutisha halikuwa kuzama kwa chombo tu, bali pia kwamba Serikali haikuweza kuwaambia wafiwa, kwa hakika, ni watu wangapi waliopanda.

Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kiliruhusiwa abiria 101, na waliokufa walizidi 200. Na kwa mara nyingine tena, ilipoulizwa ni watu wangapi waliokuwa ndani, hapakuwa na orodha ya kuaminika. Swali la mwaka 1996 lilirudi mwaka 2018, likakuta mlango umefungwa vile vile.

Hapa ndipo tunapotaka ndugu zetu wa ofisini watusikilize kwa makini. Mbunge wa Ukerewe wa wakati ule, Ndugu Joseph Mkundi, alikuwa amekwisha kuifikisha bungeni hali ya kivuko hicho kabla ya ajali. Miezi michache kabla ya msiba kivuko kilifungwa injini mpya. Kwa kipimo cha karatasi, lalamiko lilikuwa limepata jibu. Lakini mauti hayakuja kwa mlango wa injini, yalikuja kwa mlango wa wingi wa watu na mizigo. Nyuma ya swali la mashine palikuwa na swali kubwa zaidi: je, kivuko kimoja kidogo chatosha kisiwa chenye maelfu ya watu ambao siku ya gulio wote wataka kurudi nyumbani kabla ya giza? Swali hilo lilijibiwa baadaye, kilipoletwa kivuko kikubwa zaidi. Jibu lilikuwa sahihi, ila lilikuja baada ya makaburi.

Somo tunalolipata ni kwamba ofisa anayejibu swali la mbunge asijibu maneno tu, ajibu hitaji lililomo ndani ya maneno.

Haki itendeke pia kwa Serikali. Meli ya MV Victoria, iliyoanza safari zake ziwani mwaka 1961, ilikaa miaka kadhaa bila kufanya kazi, na watu wa Bukoba wakabaki na mabasi ya kuzunguka ziwa. Ilifanyiwa matengenezo makubwa, na mwaka 2020 ikarudi majini kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Hatuoni haya kusema kwamba hilo lilikuwa jambo jema. Lakini meli inayokwenda Bukoba na Kemondo haimwondolei mtu wa kisiwa cha mbali haja ya mtumbwi. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku, huku pepo zikivuma, hangoji meli. Analazwa mtumbwini juu ya kanga, nduguze wanawasha injini, na safari ya kutafuta hospitali inaanza kwa kudra ya Mungu.

Wala mitumbwi hiyo isidharauliwe. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, waliowahi kuifikia ni wavuvi. Watu 24 waliokolewa na 19 wakafa. Wavuvi wale hawakuwa na vifaa. Walikuwa na makasia, mikono na moyo. Taifa liliwashukuru, nasi tunawashukuru tena. Lakini shukrani isiwe badala ya mpango. Ikiwa mwokoaji wa kwanza wa ziwa hili ni mvuvi, basi busara yataka apewe mafunzo, redio ya mawasiliano na majaketi ya kuokolea, naye ahesabiwe kuwa sehemu ya jeshi la uokoaji.

Sasa twauliza: kwa nini maswali mengi mazuri hufa? Njia ya swali ni hii. Mbunge analiandika, linafika wizarani, wizara inaomba maelezo mkoani, mkoa unaiomba halmashauri, na halmashauri inamtafuta mtu wa kujaza nafasi zilizo wazi kabla ya saa tisa. Ikiwa mtu huyo hakufika kisiwani kwa sababu boti halina mafuta, ataandika habari za mwaka uliopita. Waziri atazisoma kwa sauti nzuri, mbunge atauliza maswali yake mawili ya nyongeza, Spika ataita swali linalofuata, na mambo yatakuwa yameingia katika taarifa rasmi. Hakuna aliyesema uongo kwa kukusudia. Lakini kisiwani hapana kilichobadilika.

Tunapendekeza mambo manne. La kwanza, jibu lolote linaloahidi huduma litaje kiasi cha fedha, tarehe na ofisi itakayobeba wajibu. Maneno kwamba utaratibu unaendelea, au kwamba fedha zikipatikana kazi itafanyika, ni adabu ya kunyamaza. La pili, maelezo ya visiwani yatolewe na mtu aliyefika visiwani, naye aseme alifika lini. La tatu, jibu la Waziri libandikwe katika ofisi ya kata na mwaloni, ili aliyeulizwa kwa ajili yake alisome, na baada ya miezi sita Diwani aseme katika mkutano wa hadhara lililotendeka na lisilotendeka. La nne, pasiwe na chombo cha abiria kinachong'oa nanga bila watu kuhesabiwa na majina kuandikwa. Hili la mwisho halihitaji mabilioni. Lahitaji daftari, kalamu na mtu asiyeogopa kusema kwamba chombo kimejaa.

Kwa waheshimiwa wabunge wetu twasema: nendeni mkalale visiwani usiku mmoja kabla ya kuandika swali. Swali lenye jina la mwalo, idadi ya wanafunzi na siku ambazo dawa zilikosekana halikwepeki kwa urahisi. Swali la jumla huzaa jibu la jumla.

Na ninyi ndugu zetu wa visiwani, hatutawaficha ukweli. Nahodha akikataa kupakia mtu wa ziada, msimtukane. Anayalinda maisha yenu. Jaketi la kuokolea si la kukalia. Na mbunge akija, msimpokee kwa ngoma pekee. Mwonyesheni daftari la zahanati na gati lililobomoka, kisha mwulizeni jibu la mwaka jana limefikia wapi.

Ahadi ni deni. Deni la nchi kavu mdai anaweza kwenda kugonga mlango. Deni la visiwani lina ziwa katikati, na mdai huenda akazama akiwa njiani kuja kulidai. Ndiyo sababu tunaiomba Serikali isingoje kudaiwa mara mbili.