Minazi ya Marehemu na Daftari la Msimamizi

Pwani ya Palma na Mocímboa da Praia ardhi haiuzwi. Katiba ya Msumbiji imeiweka mikononi mwa dola, na Sheria ya Ardhi namba 19 ya 1997 humpa mtu haki ya kuitumia tu, haki inayorithiwa na wake kwa waume. Kwa hiyo mzee akifariki, ndugu hugombania zaidi kilichosimama juu ya mchanga: nyumba, mikorosho, minazi. Mradi wa gesi wa Afungi ulipokuja na fidia, ukahesabu mti kwa mti, na mnazi uliokuwa wa kuangulia madafu ukawa na bei.

Anayeshika mali kabla haijagawanywa, Kireno kinamwita cabeça de casal, yaani kichwa cha nyumba. Jina hilo limewaponza wengi. Ami anakabidhiwa kamba ya mashua na funguo za ghala wakati wa matanga, na mwaka haujaisha anaziita zake. Kumbe kazi yake ni kutunza, kulipa madeni na kutoa hesabu. Na tangu Kanuni ya Kiraia ya 1966, aliyetangulizwa kwa kazi hiyo ni mjane mwenye nusu yake katika mali ya ndoa, si kaka wa marehemu.

Nusu hiyo ndiyo kiini cha ugomvi. Tuseme mume na mke walipanda minazi 80 katika ndoa yao inayotambuliwa na sheria, bila mkataba mwingine wa mali. Mume akafa, akaacha mke, wana wawili na binti mmoja, bila deni wala wasia. Ami akikimbilia thumuni ya Kiislamu, mjane atapata minazi 10. Lakini minazi 40 ilikuwa yake hata mume alipokuwa hai. Haimo katika urithi. Thumuni hukatwa katika 40 iliyobaki: mjane 5, kila mwana 14, binti 7. Mkononi mwa mama itakuwa 45. Kwa sheria ya dola, binti na wana hawatofautishwi. Hapo wengi hukaa msikitini na kuafikiana, na mimi siwalaumu, ilimradi binti naye awepo kwenye jamvi.

Vita vilivyoanza Oktoba 2017, kisha shambulio la Palma la Machi 2021, vimewatawanya warithi na mashahidi, wengine mji wa Pemba, wengine ng'ambo ya mto Ruvuma. Vyeti vimeungua. Ndiyo maana daftari la kurasa mbili, lenye idadi ya miti, madeni na sahihi za wazee wawili, lina uzito mbele ya mahakama za jamii, zile zilizoundwa kwa sheria ya 1992. Msimamizi anayeficha mali anaweza kuondolewa na hakimu. Lakini kesi nyingi nilizoziona zilikuwa hazijafika huko. Zilianza mjane alipouliza, "Shemeji, mbata ya msimu huu umeuza kiasi gani?" na shemeji akaona ametukanwa.