Nzi wa Kuvulia Trauti: Ndoana Ikamate Mdomo, Isikamate Ubavu

Ikiwa wewe ni mkulima wa sehemu za baridi kando ya Mlima Kenya au milima ya Aberdare, na unalo bwawa la trauti ambamo wageni hulipa ili wavue, bila shaka umepata kuona jambo hili. Mgeni ameinua fimbo yake, fimbo imepindika sana, naye anapiga kelele ya kuwa amepata samaki mkubwa kupita wote. Baada ya kushindana naye kwa muda mrefu, anatoka samaki wa robo kilo tu, tena amekuja kinyumenyume, ndoana imemwingia karibu na mkia. Mgeni anacheka. Lakini wewe huna sababu ya kucheka, kwa maana samaki yule ni mali yako, na wale walionaswa vivyo hivyo kisha wakachanika na kurudi chini ya maji huwaoni.

Trauti si samaki wa asili wa nchi yetu. Mayai ya wale wa kwanza yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, na samaki wakatiwa katika mto Gura. Wale wafugwao mabwawani, wenye mstari wa rangi nyekundunyekundu ubavuni, walikuja baadaye. Hawa hawazai katika bwawa lako, kwani huhitaji changarawe safi na maji yanayokwenda mbio ili watage. Kwa hiyo kila samaki uliye naye ulimnunua akiwa mdogo, pengine kutoka Kiganjo, ukamlisha chakula cha gharama kwa muda wa mwaka mzima au zaidi.

Mwili wa trauti umefunikwa kwa ute unaoteleza, na ute huo ndio ngao yake juu ya magonjwa. Ndoana ikipasua ubavu, ukungu mweupe kama pamba huweza kuota pale penye jeraha, na samaki hudhoofika akafa. Tena samaki anayevutwa kwa mkia hapitishi maji vizuri katika mashavu yake, basi hupungukiwa na pumzi huku akipigana. Kichwa chake ki huru, na ubavu wake wote unasukuma maji, ndiyo sababu mgeni hudhani amepata jitu.

Sasa tuangalie namna inavyotokea. Nzi wa kuvulia, kama ujuavyo, si nzi halisi, bali ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Watu wengi hudhani ya kuwa samaki hujitupa juu ya ndoana hiyo kwa bahati mbaya. Pengine ni hivyo, lakini mara nyingi ni mshipi uliolala juu ya mgongo wa samaki. Mvuvi akiukutua kwa ghafula, mshipi huteleza juu ya mgongo mpaka ndoana ifike, nayo hukamata pezi au tumbo. Bwawa likiwa na samaki wengi waliosongamana, na ndoana ikiwa kubwa na nzito, haiwezi kupita katikati yao bila kumgusa mmoja.

Basi uchague ndoana ndogo. Katika hesabu ya ndoana za nzi, namba ikizidi, ndoana hupungua, jambo linalowapotosha wengi dukani: namba 14 ni ndogo kuliko namba 8. Kwa trauti wa bwawa namba 12 au 14 yatosha. Ukataze kabisa ndoana yenye ncha tatu, kwa kuwa samaki akiiuma ncha moja, zile mbili hubaki nje zikitafuta jicho au shavu. Mshipi mmoja uwe na nzi mmoja tu. Wako wavuvi wapendao kufunga wawili au watatu, lakini samaki wa kwanza akinaswa na kuanza kukimbia huku na huko, yule nzi wa pili huburutwa katikati ya wenzake kama kulabu.

Tena ujihadhari na nzi mwenye manyoya marefu yanayopita nyuma ya ndoana. Trauti huuma ule mkia wa manyoya tu, mvuvi huhisi, hukutua, na ndoana iliyokuwa mbele ya mdomo humpiga pembeni mwa kichwa. Manyoya na yaishie karibu na pindo la ndoana.

Ukali nao una kazi yake. Iburute ncha polepole juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza, ni butu, ikikwama, ni kali. Ndoana kali huingia mdomoni kwa kuinua fimbo kidogo tu, na mtu asiyekutua kwa nguvu hanasi mbavu nyingi.

Kile kijino kinachorudi nyuma ya ncha, ukilaze kwa koleo bapa. Kufanya hivyo hakuzuii ndoana kuingia ubavuni, lakini hutoka bila kuchana nyama. Ukitaka kujua kama umekilaza sawasawa, choma kitambaa kisha uitoe ndoana; isitoke na uzi.

Iko pia ndoana ya mviringo, ambayo ncha yake imegeukia ndani. Ni nzuri, kwani hukamata pembe ya mdomo na ni shida kukwama penye ubavu, lakini haimfai mtu aliyezoea kukutua. Mgeni wa siku moja atapoteza samaki wote na kukulaumu wewe.

Shauri letu ni kwamba uweke langoni kisanduku cha nzi wako mwenyewe, uwaazime wageni. Ni gharama ndogo, na ni rahisi kuliko kukagua kofia ya kila mtu. Wasivue wakati wa kulisha, wala penye mdomo wa mfereji katika miezi ya kiangazi, kwa kuwa maji yakipata joto samaki wote hukusanyika hapo kutafuta pumzi.

Na yule aliyekwisha kunaswa ubavuni? Ukiona jeraha ni dogo, lowesha mikono, itoe ndoana angali majini, umwache aende. Akiwa amepasuka, usimrudishe. Muue upesi, mpime kwenye mizani pamoja na wengine, na mgeni amlipie. Bandika sharti hilo langoni, kando ya kisanduku.