Makadirio ya ujazo wa miti

Makadirio ya ujazo wa miti ni njia za kukokotoa gogo, mti uliosimama au msitu mzima una mita za ujazo (m³) ngapi. Jumla ya ujazo wa miti yote iliyosimama katika eneo fulani huitwa akiba ya msitu.

Gogo

Fomula ya Huber huzidisha urefu wa gogo kwa eneo la duara la katikati. Fomula ya Smalian hutumia wastani wa maeneo ya ncha mbili. Fomula ya Newton hutumia yote matatu, la katikati likihesabiwa mara nne, kisha jumla hugawanywa kwa 6.

Kwa mfano, gogo la mita 5 lenye kipenyo cha sm 40 chini, sm 34 katikati na sm 30 juu lina m³ 0.454 kwa Huber, 0.491 kwa Smalian na 0.466 kwa Newton. Smalian huzidisha pale shina linapotanuka karibu na mizizi.

Mti uliosimama

Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Eneo la duara lake huzidishwa kwa kimo, halafu kwa namba ya umbo, kwa kuwa shina hupungua unene kuelekea juu. Mti wa sm 30 wenye kimo cha mita 20 na namba ya umbo 0.5 una takriban m³ 0.71.

Mikaratusi iliyonyooka ya milima ya Mbinga haifai kupimwa kwa namba moja na miti ya miombo yenye matawi mengi. Hivyo hutumika fomula za kila aina ya msitu. Nyingi za Tanzania zimo katika kitabu kilichohaririwa na Malimbwi, Eid na Chamshama (2016).

Msitu mzima

Haiwezekani kupima kila mti, kwa hiyo hupimwa viwanja vya sampuli. Katika kiwanja cha duara chenye nusu kipenyo cha mita 15, kila mti mmoja huwakilisha takriban miti 14 kwa hekta. Kosa dogo kwenye mti mmoja hukua vivyo hivyo.

Tathmini ya kitaifa ya misitu ya Tanzania (NAFORMA), iliyotoa matokeo mwaka 2015, ilikadiria hekta milioni 48.1 za misitu zenye akiba ya m³ bilioni 3.3. Ilionyesha pia kwamba mahitaji yalizidi uvunaji endelevu kwa m³ milioni 19.5 kila mwaka. Makadirio yakizidi ukweli, kibali cha kuvuna huruhusu kukata kuliko msitu unavyoota.