Rada na Ziwa Letu

Mwaka 2002 Serikali ilinunua kwa kampuni ya BAE ya Uingereza rada ya kijeshi ya kuongozea ndege, pauni milioni 28, tena kwa mkopo. Hatusemi anga iachwe wazi. Bukoba ilipigwa na ndege za Idi Amin mwaka 1978. Twauliza tu kipi kilistahili kutangulia. Rada iliwekwa Dar es Salaam, na jicho lake halikufika Sumbawanga. Mpaka wa Ufipa ni Ziwa Tanganyika. Adui wa huko huja kwa mashua, wala rada haimwoni. Na barabara ya kumpeleka askari Kasanga ilikuwa ya udongo, malori yakikwama wakati wa mvua! Mwaka 2012 BAE ililipa pauni milioni 29.5 kwa vitabu na madawati. Watoto walifaidi, nasi twafurahi. Mlinzi wa ziwa hakupata humo hata kasia.