Surua, matone ya vitamini A na ushahidi wa Mvumi

Mwaka 1997 daktari wa macho wa Marekani, Alfred Sommer, alitunukiwa Tuzo ya Lasker, mojawapo ya heshima kubwa kabisa katika utabibu. Hakugundua dawa mpya wala kubuni mashine. Alituzwa kwa kuthibitisha kwamba vitamini A, kirutubisho kilichomo kwenye ini na mayai, inaweza kumwepusha mtoto na kifo. Sehemu ya ushahidi huo ilipatikana katika Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, jirani na mkoa wetu wa Singida. Mama wa Kiomboi, wilayani Iramba, anayempeleka mwanawe kupata matone ya vitamini hiyo kila Juni na Desemba anastahili kukijua kisa hiki.

Kilianzia Indonesia, ambako Sommer alichunguza watoto wanaopofuka kwa kukosa vitamini A. Mwaka 1982, akipitia upya takwimu zake, aliona jambo ambalo hakulitafuta: watoto wenye dalili nyepesi tu, kama kutoona vizuri giza linapoingia, walikuwa wakifa mara kadhaa zaidi ya wenzao wenye macho mazima. Wataalamu wengi hawakumwamini, kwa kuwa walizoea kuihesabu vitamini A kuwa jambo la macho peke yake. Jaribio kubwa la vijiji 450 huko Aceh, lililochapishwa mwaka 1986, lilionyesha kuwa vifo vya watoto waliopewa vitamini hiyo vilipungua kwa takribani theluthi moja.

Mvumi kulikuwa na swali jingine, na kwangu ndilo zito zaidi: je, vitamini A inaweza kumwokoa mtoto ambaye tayari anaugua surua? Allen Foster, daktari wa macho kutoka Uingereza aliyefanya kazi katika hospitali hiyo ya Kianglikana, alikuwa akipokea watoto wenye vidonda kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Kati ya watoto 130 waliochunguzwa, asilimia 37 ya vidonda vilifuatia surua, na karibu nusu ya vidonda vyote vilitokana na upungufu wa vitamini A. Vingine vilisababishwa na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Sisemi hili kuwabeza waganga wa jadi. Tangu mwaka 2002 sheria ya nchi inaitambua tiba asili, na Muhimbili ina taasisi nzima inayoipima mimea yetu. Lakini jicho la mtoto mwenye surua lisitiwe utomvu wala maji ya majani, hata anayeyaleta awe bibi yake mpendwa.

Ndipo Foster, Sommer na mtafiti mwenzao Barclay wakawafuatilia watoto 180 waliolazwa Mvumi kwa surua. Wote walipata matibabu ya kawaida. Sehemu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, waliongezewa dozi mbili kubwa za vitamini A, moja siku ya kulazwa na nyingine kesho yake. Katika watoto 92 ambao hawakuongezewa, walikufa 12. Katika 88 walioongezewa, walikufa 6. Tofauti hiyo peke yake ingeweza kutokea kwa bahati tu, na watafiti hawakuficha hilo. Kwa walio chini ya miaka miwili, picha ilikuwa wazi zaidi: walikufa 7 kati ya 42 ambao hawakuongezewa, na mmoja tu kati ya 46 walioongezewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF yakapendekeza vitamini A itolewe kwa wagonjwa wa surua katika maeneo yenye upungufu.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili lilikwisha kuonekana mapema zaidi. Mwaka 1932, London, daktari Joseph Ellison aliwapa mafuta ya samaki, yenye vitamini A kwa wingi, watoto 300 wenye surua, na wengine 300 hakuwapa. Vifo vilikuwa 11 kwa 26. Aliandika, akachapisha, kisha dunia ikasahau kwa miaka zaidi ya 50.

Mwilini mambo huenda hivi. Vitamini A hujenga na kutengeneza utando laini unaofunika macho, koo, mapafu na matumbo. Surua huubomoa utando huohuo. Mtoto ana homa, hataki kula, anaharisha. Akiba ya vitamini A iliyokuwa kwenye ini inaisha haraka wakati uleule inapohitajika kuliko siku zote. Vijidudu vingine huingia palipobomoka, na mara nyingi kinachoua ni nimonia, si vipele.

Matone ya Juni na Desemba, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, hujaza akiba hiyo kwa miezi michache. Jikoni nako kuna kazi. Iramba ina majani ya maboga na ya kunde, mapapai, viazi lishe vyenye rangi ya chungwa, mayai ya kuku wa kienyeji na samaki wa Ziwa Kitangiri. Ina alizeti pia, na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: mafuta ya alizeti yenyewe hayana vitamini A yasipoongezwa kiwandani, lakini bila mafuta kidogo mwili hunufaika kwa shida na ile iliyomo kwenye mboga. Mafuta kidogo tu kwenye chungu yanatosha. Chanjo ya surua, miezi 9 na miezi 18, isikosekane, kwani matone hayazuii surua.

Mtoto akishaugua, apelekwe hospitali au kituo cha afya hata kama alipata matone mwezi uliopita, na mzazi amweleze mhudumu tarehe hiyo. Asinunue vidonge vya vitamini A na kumpa mwenyewe, maana ikizidi hudhuru, na kwa mjamzito dozi kubwa ni hatari kwa mimba. Kituoni mtoto atapewa dozi ya kwanza kulingana na umri wake. Dozi ya pili ni kesho yake, na asiikose hata kama homa imeshuka. Akiwa na dalili za upungufu wa vitamini A machoni, ipo ya tatu, wiki mbili hadi sita baadaye.