Twining: Askari Aliyekuja Kuwa Gavana

Sisi wa Chiungutwa tunaposhuka Mtwara huiona bandari iliyofunguliwa mwaka 1954, enzi za Gavana Edward Twining. Mpango wa karanga wa Nachingwea, ambao bandari hiyo ilikusudiwa kuuhudumia, ulikuwa umekwisha kuvunjwa mwaka 1951.

Twining, aliyezaliwa mwaka 1899, alianza kama ofisa wa jeshi la Uingereza. Alitumikia Ireland, kisha jeshi la KAR, ambalo wazee wetu waliliita Keya, huko Uganda, na hapo akahamia kazi ya utawala. Aliiongoza Borneo ya Kaskazini, akaletwa Tanganyika mwaka 1949.

Mwaka 1953 serikali yake ilitoa waraka kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria likapewa wajumbe 10 Waafrika, 10 Waasia na 10 Wazungu. Ilhali Waafrika walizidi milioni 8, na Wazungu hawakufika 30,000. Mizani hiyo ndiyo iliyoitwa usawa!

Aliondoka mwaka 1958. Katika uchaguzi ulioanza mwaka huo huo, chama cha UTP alichokipendelea kilishindwa na TANU.

Wazazi, tuwasimulie watoto wetu: askari hutii amri, lakini raia hudai haki.